Wengi Wape

Mtafiti alifuta lenzi ya hadubini kwa pamba, akachungulia tena. Ufa ulikuwa palepale, kwenye mkono wa pili wa kifaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa utando wa sumaku wenye mikono mitatu, mwembamba kuliko unywele. Ndani yake umeme hautiririki. Chembe hubaki mahali pake na kupokezana mwinamo, kama watu wa benchi moja wanaoegemeana mabega. Mawimbi matatu hukutana njia panda, na mawili yanayokubaliana hulimeza la tatu. Ndiyo hesabu yake. Maabara nzima ilikiita Wengi Wape. Ila mkono wenye ufa haukupitisha wimbi lake. Uliiga tu la jirani.

"Umeuona?" alimwuliza mwenzake, mhandisi.

"Nimeuona, dada. Kikifungwa kwenye mashine za wagonjwa, kitadanganya."

"Basi useme kikaoni."

"Nitasema. Haki ya Mungu."

Kikaoni waliketi watatu, kifaa kikiwa kimewashwa katikati ya meza.

"Naona tukipeleke hospitali leo," alisema Profesa, mkuu wa maabara.

"Tukipeleke," alisema mhandisi, akiitazama kalamu yake.

"Hapana," alisema mtafiti, lakini neno halikutoka. Midomo ilicheza, pumzi ikapita, sauti ikamezwa. Alirudia. Alipiga meza kofi, nayo haikulia.

"Ni hiyo sumaku," alisema Profesa. "Tangu juzi ina tabia hiyo. Endelea, mwanangu, tunakusikiliza."

Aliendelea. Aliueleza ufa wote, jasho likimtiririka, na chumba kilikuwa kimya hata kiyoyozi kilisikika. Profesa aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama amsikilizaye mgeni wa lugha nyingine. Mtafiti alimkanyaga mhandisi chini ya meza. Mhandisi akauvuta mguu wake.

Koo lilimwasha. Kwa kutaka tu kujua kama bado linafanya kazi, alisema, "Sawa."

Neno lilivuma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Alaa! Kumbe una sauti nzuri hivyo!" Profesa alifurahi, akakifungia kifaa sandukuni. "Basi tumekubaliana sote."

Sanduku lilipokwisha kushuka ngazi, hapana zake zote zilimtoka kwa mfululizo, zikajaa ujia mzima.

"Punguza sauti, dada," alinong'ona mhandisi. "Watu wako kazini."