Kungoja Jina Liitwe

Saa nane mchana Sonia alikuwa akitoa nakala za mitihani ya shule moja katika duka la fotokopi mjini Mbarara, simu yake ikatetemeka juu ya mashine. Ilikuwa picha kutoka kwa mdogo wake Élyse, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyehamia Marekani pamoja na wazazi wao. Katika picha hiyo baba yao, Mzee Thaddée Nshimirimana, ameketi juu ya sanduku mbele ya mlango wa nyumba, kofia kichwani, mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote umelala magotini. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa mtupu.

Chini ya picha Élyse alikuwa ameandika: "Dada, kimbunga kinafika usiku. Daraja linafungwa saa sita mchana. Watu wote wameshaondoka. Baba anasema anangoja lori."

Sonia alipiga hesabu upesi. Kule Florida ilikuwa saa moja asubuhi. Zimebaki saa tano.

"Wewe Sonia!" Medius, mwenye duka, aliita kutoka mezani kwake. "Mashine inamwaga karatasi chini na wewe unaangalia tu simu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, anti. Bado."

Medius aliinuka akaja kuitazama ile picha. Alikuwa mke wa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikiokota kambini, miongoni mwa wanajeshi na wake zao. "Huyu mzee nakaa kama mtu nangoja basi," alisema. "Sisi kule kambini, wakisema toka, watu natoka. Hata sufuria ya posho inabaki kwa moto."

Sonia alitoka nje, akapiga. Baba yake alipokea mara moja, sauti yake tulivu kama ya mtu aliyekaa kivulini.

"Sonia, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, baba. Mtaa wenu umeambiwa uondoke."

"Nimeambiwa. Si unaona nimefunga mizigo? Tangu jana."

"Sasa mnangoja nini?"

"Waje na orodha."

"Baba, huko hawasomi orodha. Kila mtu anajiondokea mwenyewe."

"Wewe ulishafika huku?" alimuuliza, na kulikuwa na kicheko kidogo ndani ya swali. "Serikali kubwa namna hii. Walinileta kwa ndege, hata kiti changu kilikuwa na namba. Leo waniambie ondoka tu, kama kuku?"

Nyuma ya sauti ya baba Sonia alimsikia mama yake, Ancilla, akisema kwamba jirani yao Mhaiti yuko tayari kuwachukua, gari lake lina nafasi, ataondoka saa nne na nusu na hataweza kungoja zaidi ya hapo.

"Yule mama ana roho nzuri," baba alisema. "Tunaongea naye Kifaransa vizuri kabisa. Lakini nani amemtuma? Nikipanda gari lake, hao wakija wakaita jina langu, nani ataitika?"

Mtu mwingine angecheka. Sonia hakuweza. Alikuwa na miaka kumi na mitano siku ile kidole tumbo kilipompasukia, na baba yake akambeba usiku usiku kwenye pikipiki kutoka Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hadi hospitali ya Mbarara. Asubuhi yake ikawa siku ya uhakiki. Majina yalisomwa uwanjani, familia baada ya familia, na mkuu wa familia asiyeitika mwenyewe mara tatu alifutwa pamoja na watu wake kwenye orodha ya chakula. Nshimirimana Thaddée aliitwa mara tatu. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili walikula kwa majirani, na baba yake hakumlaumu mtu. Alijifunza jambo moja tu: jina lako likiitwa, uwepo. Tangu hapo hakukosa wito hata mmoja, na ni kwa kutokosa huko hatimaye walipata safari ya Marekani. Faili la Sonia, aliyekuwa ameshatimiza umri wa kujitegemea, lilitenganishwa na la kwao, naye akabaki nyuma.

Alijua kwamba katika mambo ya majina baba yake aliamini kinywa kimoja tu. Ni kinywa cha Mzee Herménégilde wa Juru, aliyekuwa msomaji wa orodha kwa miaka tisa na rafiki yake tangu Burundi. Alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa.

Medius alisikiliza habari yote mikono kiunoni. "Nenda," alisema. "Mitihani mimi natoa. Na ukifika, usilie mbele ya wazee, watachelewa kukubembeleza."

Sonia alipanda gari la abiria, akapita Kaberebere, akashuka Kabingo, akachukua pikipiki. Saa kumi na robo alifika Juru, akamkuta Mzee Herménégilde akipalilia maharagwe pamoja na mkewe Pascasie. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Unataka nifanye nini, binti?"

Sonia alikuwa amelipanga njiani. "Usome orodha, mzee. Niirekodi kwa simu, nimpelekee. Useme: Nshimirimana Thaddée, watu watatu, wapande gari la jirani."

"Orodha iko wapi?"

"Nitaiandika hapa hapa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nimesoma majina miaka tisa. Jina la uongo sijasoma hata moja. Nianzie kwa Thaddée?"

"Si uongo, mzee. Ni kumwokoa."

"Akifika huko aulize orodha yangu imetoka wapi? Atajua kwamba hata mimi nilimchezea. Hapana."

"Basi mwache afe na ukweli wako," Pascasie alisema bila kuinua kichwa, akiendelea kung'oa majani.

"Wewe mwanamke!"

"Nini? Nimekosea? Ukweli uko mwingi, Herme. Kuna mwingine ule ambao hujawahi kumwambia. Umwambie huo."

 Mzee alilisimika jembe ardhini, akapangusa mikono kwenye suruali. Akatangulia kwenda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Walipanda wote watatu. Sonia alimpigia baba yake, akafungua spika.

"Thaddée. Ni mimi, Herme."

"Herme!" Furaha ilimjaa mzee wa watu. "Umewaona wanavyotuchelewesha? Hata huku!"

"Nisikilize, ndugu yangu. Ile siku ya uhakiki, nilipoita jina lako mara tatu, nilijua uko wapi."

 Upande wa pili palisikika upepo, na mbwa akibweka mbali.

"Pascasie aliniambia alfajiri ile. Mtoto amepelekwa hospitali. Nilisimama pale, karatasi mkononi, nikaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Afisa akasema, futa. Ningeweza kusema: huyu ana mgonjwa. Niliogopa atanipokonya kazi. Nikafuta. Kalamu ilikuwa yangu."

"Ulikuja kunisalimu jioni ile," Thaddée alisema taratibu. "Ulileta unga."

"Nilileta unga, ndiyo. Ukweli niliuacha nyumbani."

Sonia alitazama chini. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini kwamba yeye na tumbo lake ndio waliowaletea njaa. Pascasie alimshika kiwiko, akakibana.

"Ninakuambia leo," Herménégilde aliendelea, "kwa sababu umekaa juu ya sanduku ukiingoja orodha kana kwamba inakujua. Haikujui. Haikumwona mtoto wako alivyojikunja kwa maumivu. Inajua tu kuita na kufuta. Yule mama Mhaiti amekuona. Ndiye aliyekuja mlangoni. Inuka uende naye."

Sonia aliitazama skrini, akidhani mtandao umekatika. Kisha ilisikika sauti ya Ancilla, si kwao bali kwa mtu aliye karibu naye: "Élyse, mwambie mama yule tunakwenda naye." Na simu ikakatika kweli.

Sonia na mzee hawakushuka kichuguuni. Pascasie alienda akaleta chai na viazi vitamu, wakakaa pale pale kama watu walioalikwa mlimani. Mzee hakugusa kikombe chake. Sonia alikuwa akiitazama saa ya simu: kumi na moja na nusu ikapita, ambayo kule ni saa nne na nusu. Kumi na mbili kasoro robo. Upande wa ziwa la Nakivale mawingu ya mvua ya kawaida, ile ya kila jioni, yalikuwa yakijikusanya bila haraka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi ujumbe wa sauti uliingia. Ulikuwa wa baba.

"Sonia, tumevuka daraja. Foleni ni ndefu lakini inasogea. Mama Mhaiti anaendesha kwa utaratibu. Mama yako ameshaanza kumfundisha kupika isombe ya majani ya muhogo kwa maneno matupu, njiani." Alikohoa. "Mwambie Herme nimesikia. Mengine tutaongea tukishafika tunakokwenda."

Sonia aliurudia mara mbili, ili mzee asikie vizuri.

"Nimesikia," Herménégilde alirudia neno la rafiki yake. "Hakusema amesamehe."

"Hakusema," Sonia alikubali. Hakutaka kumdanganya.

"Ni haki yake."

"Amesema mtaongea," Pascasie alisema, akikusanya vikombe. "Mtu aliyekukata kabisa hakuahidi maongezi. Hukuanza kumjua Thaddée leo."

Mzee alifikiri juu ya hilo. Kisha akainywa ile chai iliyopoa, yote kwa mkupuo mmoja, akashuka kichuguuni akalichukua jembe lake. Mkewe alimwita kwamba mvua inakuja na giza linaingia. Alijibu kwamba amebakiza mstari mmoja tu. Sonia alimpigia Medius kumwambia kwamba wamevuka, kisha akakunja sketi yake, akaingia shambani upande wa pili wa mstari ule, akaanza kung'oa majani kuelekea kwake.