Ibara Aliyoikariri Mzee Kahigi

Watu wa Chonyonyo wanasema hasira hasara, na wanasema wakiniangalia mimi. Waseme. Hawakumwona Edgar akifyeka migomba ya baba yangu asubuhi kweupe, hata ile iliyobeba mikungu.

Baba yangu, mzee Kahigi, haoni, huu ni mwaka wa tisa. Edgar ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Kwa Edgar, kibanja cha ukoo hakiwezi kubaki kwa kipofu mwenye mtoto mmoja, tena wa kike. Alikuwa ameshampa baba siku za kuondoka mara tatu. Nilimwomba baba ahamie kwangu Rugu, akakataa, kwa sababu alikuwa na Katiba.

Kitabu alipewa kwenye semina ya wazee. Nilimsomea ibara ya kumi na moja, akaikariri kama Baba Yetu: haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. "Yote matatu ninayo," alikuwa akisema huku akicheka. "Edgar akinigusa, ameigusa Serikali."

Mimi nilisoma uraia hadi kidato cha nne. Nilijua kwamba ibara ya saba, kurasa chache nyuma, inasema mambo hayo ni malengo tu, mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuyatimiza. Sikumsomea hiyo. Hakuwa na furaha nyingine, na mimi niliogopa kumnyang'anya.

Jumamosi ile nilikuwa uani namtwangia mtama. Edgar akaingia na vibarua wawili, shikamoo hakutoa, wakaanza kukata. Baba alisikia migomba ikianguka. Akatoka akipapasa ukuta, kitabu kifuani, akafuata mlio wa muhoro, lile panga letu lenye ncha iliyopinda. Nilipiga kelele arudi ndani.

"Edgar mwanangu," akasema, "ibara ya kumi na moja..."

Edgar akamzaba kofi. Baba akayumba, akamkamata shati, akaendelea kuisema. Muhoro ukashuka. Vidole viwili vya baba vikaanguka kwenye majani ya mgomba, naye akawa anauliza, "Nini hiki kinanimwagikia?"

Mchi ulikuwa mkononi mwangu. Pigo la kwanza lilivunja goti la Edgar. La pili lilivunja taya, nikasikia likivunjika, nikafurahi. Sitamdanganya mtu. Niliendelea kupiga hata alipokuwa hanyanyuki tena, mpaka vibarua waliponikaba kwa kitambaa changu cha kichwani, nikazimia.

Mahakamani vibarua waliapa kwamba mzee alijikwaa akaangukia muhoro. Kwa upande wetu kulikuwa na mimi mshtakiwa, na kipofu. Sikukana nilichofanya. Hakimu, mwanamke mdogo kuliko mimi, alinipa miaka mitano kwa kumjeruhi Edgar.

Ndipo baba akasimama, akainua mkono wenye vidole vitatu. "Mheshimiwa, huyu ndiye anayenipikia na kunifulia. Nani atanisaidia sasa? Ibara ya kumi na moja inasema..." Akaisema yote bila kukosea neno.

Hakimu alimwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," kisha akafungua Katiba yake na kumsomea ya saba, polepole: masharti hayo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. "Nakuonea huruma sana, mzee wangu," akasema. "Lakini kwa hilo sina uwezo."

Baba aligeuza uso huku na huku akinitafuta.

"Mackrine, hiyo ya saba uliijua?"

"Niliijua, tata."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokusomea ile nyingine."

Alikaa chini taratibu. Askari alikuwa ameshanishika mkono, nikamwomba angoje kidogo.

"Ungeniambia, mwanangu," baba akasema, "ningekimbia."