Uhamisho wa Paka Afande

Danford angekuwa radhi paka alale hata kitandani kwake, ilimradi aachane na kochi. Kochi lile lilikuwa na jambo lake ndani, na jambo lenyewe alilijua yeye na fundi tu.

Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la pamba pale Kasoli. Mkulima akifika na gunia, Danford huzamisha mkono, huchota konzi moja, huinyanyua juani na kuikazia macho kama daktari, halafu husema, "Napima ubora." Konzi hiyo hairudi guniani. Na mkulima aanze vipi kudai konzi moja ya pamba mbele za watu? Msimu ulipofungwa, konzi za ubora zilikuwa zimejaza viroba uani kwake, na viroba vikapelekwa kwa fundi wa makochi.

"Bosi, hii haijachambuliwa. Ina mbegu zake zote," fundi alimwambia.

"Shindilia hivyo hivyo. Nani atapasua kochi langu achungulie?"

Nani tena, kama si Afande. Paka mwenyewe alikuwa na masharubu ya mgambo na mwendo wa kukagua gwaride, ndiyo maana mke wa Danford, Matilda, akampa jina hilo. Kila mgeni aliambiwa lile ni kochi la sponji, limetoka Mwanza. Siku Afande alipochana pembe ya mto na pamba ikachungulia, Danford aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaiokota mbegu iliyodondoka, akaitia mfukoni kabla Matilda hajageuka.

Basi vita vikaanza. Maana Jumapili iliyokuwa mbele kanisa lilikuwa linachagua mzee wa kanisa, Danford akiwa mgombea, na kabla ya hapo ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa imeangukia kwake. Waumini wote, wakulima wale wale, wangekuja kukaa juu ya konzi zao.

Danford akapaka pilipili kwenye mito. Afande akapiga chafya, akahamia upande wa pili. Danford akasahau, akaegemea, akajifuta jicho, akashinda bafuni akimwita Yesu kwa sauti ambayo kanisani hatujawahi kuisikia. Akanyunyiza mafuta ya taa. Sebule ikanuka kama kibatari, na paka akaendelea na kazi.

"Kucha zinamwasha," Matilda akasema. "Mpe kigogo chake akwarue."

Kigogo kikasimamishwa pembeni, kimezungushiwa kamba ya katani. Afande alikipenda. Akakikwarua vizuri, akajinyoosha, akarudi kwenye kochi na kulaza sikio juu ya mto.

"Baba, huyu hakwarui tu," Matilda akasema. "Anasikiliza. Kuna kitu humo."

"Kuna sponji!"

"Basi tufungue tuone."

"Hakuna kufungua!"

Asubuhi ya siku ya ibada Danford alimtia Afande kwenye kiroba, akamkabidhi kijana wa bodaboda ampeleke Dutwa, kwa dada yake.

"Amepata uhamisho," alimwambia mkewe.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa manufaa ya umma."

Jioni sebule ilijaa. Vitambaa vya kufuma vilifunika kila mchano. Mchungaji Anthony alipewa kiti cha peke yake, na katikati ya kochi akaketi Ng'wana Mboje, mama wa makamo, mayu wa kanisa zima, ambaye kila msimu alileta magunia yake kwenye mizani ya Danford. Mwenye nyumba akapewa nafasi ya kuomba. Akaomba! Akaombea mvua, akaombea viongozi, akaombea mizani zote za mkoa ziwe za haki, na hapo sauti ikamtetemeka kidogo ili wapiga kura wasikie.

Mto ukatikisika chini ya Ng'wana Mboje. Mama yule hakupiga kelele. Alisubiri mpaka "Amina", ndipo akasimama na kuuinua.

Panya akachomoka, akapita juu ya kiatu cha mchungaji na kutokomea jikoni. Chini ya mto kulikuwa na tundu la kutosha ngumi, na tunduni mkamwagika pamba, maganda ya mbegu na vitoto vya panya vyekundu.

"Bwana Danford," Ng'wana Mboje akasema, akiivuta ile pamba kwa vidole taratibu, "hii ni nini?"

"Sponji, mayu. Imezeeka."

"Imezeeka mpaka imezaa mbegu?"

Kicheko kilianzia mlangoni. Mzee mmoja akaja, akachota, akaipeleka kwenye taa na kuikazia macho.

"Mnafanya nini, ndugu zangu?" Danford akauliza.

"Tunapima ubora," mzee akajibu, akaitia mfukoni.

Wakapanga foleni. Kila mmoja alichota konzi moja, si zaidi, maana walikuwa watu wa kanisa, akasema "Napima ubora," akaaga na kwenda zake. Ng'wana Mboje alichota ya mwisho. "Usiku mwema, mzee wa kanisa," alisema, na Jumapili hakuna aliyemwita hivyo tena.

 Kulipokucha Matilda alipanda basi kwenda Dutwa, akarudi na Afande kifuani. Danford alikuwa amekaa kwenye mbao za kochi, mito imelala kama viroba vitupu. Afande akaruka, akanusa, akalaza sikio. Hakusikia kitu. Akashuka, akaenda kukwarua kigogo chake, na kochi hakuligusa tena.