Rola za Tonton Anaclet

Kitu cha kwanza alichoona Blandina kilikuwa doa la grisi. Lilikuwa la duara, dogo kama kifungo cha koti, ubavuni mwa shati jeupe la mjomba wake, Tonton Anaclet. Alilisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikamuuma. Alipogeuza shati akakuta jingine upande wa pili, mahali palepale. Baada ya muda kila shati lilikuwa na madoa hayo, na katikati ya kila doa palikuwa na tundu.

Tonton Anaclet alikuwa ameota rola mwilini.

Hakuna aliyeshangaa. Kila Jumamosi yeye na wanaume wenzake, watu wenye ndevu na watoto, walikutana katika ukumbi mmoja Queensburgh, pembeni mwa Durban, wakapiga magoti sakafuni kuzunguka njia ya plastiki yenye kuta fupi, wakashindanisha vigari vyenye ukubwa wa kiatu cha mtoto. Vigari hivyo havina usukani. Ukishakiachia kigari, hakisikii mtu. Kinachokiokoa ni rola, yaani vigurudumu vilivyolala ubavu kwenye ncha za bampa, mbele na nyuma. Kigari chenye rola kikikutana na ukuta hakisimami wala hakiumii. Kinateleza kandokando yake na kuendelea, kana kwamba ukuta haukuwa na neno la kusema.

Anaclet alitengeneza simu karibu na Warwick Junction. Wateja walisubiri na Blackberry zao zilizokufa wakati yeye analaza rola ya kigari kidogo, anaitazama, anailaza tena.

"Rola ya mbele lazima iiname," aliwafundisha wateja. "Ikiangalia juu, gari inapanda ukuta, inaruka inje. Ikiinama, pua inabaki chini. Munanisikia?"

Aliweza kueleza jambo hilo mchana kutwa. Jambo ambalo hakuwahi kulieleza ni lini Blandina angeingia shule.

Shule ndiyo iliyokuwa sababu ya kumleta. Blandina alikuwa darasa la tano kule Uvira, Kongo, mjomba wake alipompigia mama yake simu. "Mutume mtoto, dada," alisema. "Huku atasoma." Mtoto alitumwa. Alipofika alimkuta Tantine Cathy, mke wa mjomba, ana mapacha wachanga na beseni la nguo. Miaka ikapita, mapacha wakaanza shule. Beseni lilikuwa palepale.

Sasa Blandina alikuwa mwanamke kijana, na huko Westville palikuwa na Madame Élisabeth, aliyefundisha mchana wasichana wakubwa walioiacha shule ya msingi. Alimwekea Blandina kiti kimoja mpaka Jumatatu. Alitaka jambo moja tu: mwenye nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba msichana ataachiwa kila mchana.

Kinywa cha mwenye nyumba hakikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa rola. Zilikuwa mabegani, kwenye nyonga, na nyuma kwenye mbavu, zote zimeshikwa na bampa nyeusi iliyojitokeza chini ya ngozi ya kifua.

"Vieux, hii ni aluminium ama plastiki?" aliuliza rafiki yake Papy, akigonga moja kwa ukucha.

"Aluminium. Usishike na mikono ya mafuta."

"Eish! Na mimi nilifikiri ni uzee."

Pale sokoni Warwick mikokoteni ya wapagazi ilimgusa, rola zikalia krrr, naye akawa amekwisha kupita. Maneno pia yalipita hivyohivyo. Tantine Cathy akimuuliza kuhusu bomba linalovuja, swali liligonga bega, likageuka, akajikuta anamuuliza jirani. Madame Élisabeth alikuja mwenyewe, uso umekunjwa. "Monsieur Anaclet, huyu binti..." Krrr. Akajikuta kwenye korido karibu na lifti, mkononi ana kipande cha keki, anasema asante. Alirudi, akajaribu tena. Safari hii alijikuta chini barabarani, kwenye robot, zile taa za magari, anasubiri iwake ya kijani.

Jumamosi Blandina alikuwa ukumbini akigawa chai na mandazi.

"Tonton," alisema, "Jumatatu tutaenda kwa Madame?"

Krrr. Swali lilizunguka kando ya njia ya plastiki, likampita Papy, ambaye alisema "Mimi?", kisha likatoka dirishani. Tonton Anaclet alikuwa anafuta matairi.

"Blandina, chérie, sukari iko wapi?"

Jumatatu ilipita. Kiti alipewa msichana mwingine, Mtanzania mmoja aitwaye Scola, ambaye mjomba wake hakuwa na kipaji chochote.

Jumamosi iliyofuata Tonton alimwita. Rola za mgongoni hazikufikiwa na mikono yake, kwa hiyo tangu mwanzo Blandina ndiye aliyezipaka mafuta na kuzikaza. Kazi hiyo alipewa pamoja na kufua. Alichukua bisibisi, akaifungua moja, akaishika kiganjani. Pale ilipotoka ngozi ilikuwa laini kama utosi wa mtoto.

"Anaclet!" Papy aliita toka sakafuni. "Unakuja ama unaogopa?"

Blandina aliinama, akasogeza mdomo pale pasipo na rola, akasema. Hakunong'ona. Ukumbi mzima ulisikia, na wanaume wakatazama vigari vyao. Maneno hayakupata pa kuteleza, yakaingia. Tonton Anaclet alitikisa bega kama mtu aliyeumwa na mbu.

"Kaza," alisema. "Tunachelewa."

Aliirudisha rola, akaikaza. Tonton akaenda kupiga magoti kando ya njia, kigari chake kikashinda, wakampigia makofi. Jioni alivua shati, akalitupa kwenye beseni.

Alichokuwa amesema Blandina ni hiki: "Tonton, haukunileta Durban kusoma. Ulinileta kufua. Na ulijua tangu siku ile ulimpigia mama."