Hata Linalochungulia Lihesabiwe

Usiku wa jana usingizi ulinipitia nikiwa bado na koti la kazini, nikaota nimechelewa kliniki ya watoto, na kliniki yenyewe imo ndani ya glasi.

Glasi hiyo naijua. Ni mojawapo ya zile kumi na nane ninazozihudumia kule maabara. Wenye dawa ya kuulia magugu ya mpunga walituletea chupa yao, tukatia dawa hiyo kwenye maji ya glasi kumi na tano, nyingine kidogo sana, nyingine zaidi, hadi zile kali kabisa. Glasi tatu tukaziacha na maji matupu. Juu ya maji yote tukaweka majani yanayoelea, yale madogo ya kijani yanayotanda kwenye lambo kama dengu zilizomwagika. Siku saba taa haizimwi, majani yanazaa, na siku ya saba mimi nayahesabu. Majani ya maji matupu yakiyaacha mbali yale ya dawa, basi dawa ni mbaya. Yakikaribiana, dawa haina neno, itakwenda kwenye majaruba ya mpunga, na maji ya majaruba huteremkia lambo letu. Maji ya lambo ndiyo mama yangu anayomwogeshea Kabula nikiwa kazini.

Kabula ni mwanangu. Ana miezi minane na meno mawili, yote ya chini.

Jana ilikuwa siku ya saba.

Basi, kwenye ndoto nimesimama juu ya maji ya glasi, Kabula mgongoni, na maji yananibeba vizuri tu, yanabonyea kidogo kama godoro. Mbele yangu kuna foleni ya akina mama. Wote ni majani. Wamenona, ni mviringo, na kila mmoja ananing'iniza mzizi mmoja majini kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo la nguo. Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba wao wamewahi na mimi nimechelewa.

Mezani limeketi koleo dogo la chuma, lile ninaloshikia majani nisiyachubue. Limevaa kofia ya nesi.

"Kadi," linasema.

Natoa kadi. Koleo linaifungua.

"Hili ni daftari la baiolojia."

"Samahani, nesi. Nasoma darasa la jioni. Nitakuwa nimebeba mkoba mwingine."

"Kila mtu anatoka mahali," linasema koleo, na kugonga mhuri juu ya mchoro wangu wa figo. "Mmekuja wangapi?"

"Wawili. Mimi na mtoto."

"Namwona mmoja."

"Mtoto yuko mgongoni, nesi. Huyo hapo anachungulia begani."

Na kweli anachungulia. Naisikia pumzi yake ya maziwa shingoni mwangu.

Koleo linakigeukia kihesabio. Ni kile kidude cha mkononi ninachokibonyeza kwa dole gumba, kila jani bonyezo moja. Leo kimekalia kiti cha daktari na miguu haifiki chini.

"Mmoja," kinasema kihesabio.

"Wawili," nasema.

"Mimi nasema ninachobonyezwa. Jana jioni, glasi tatu za maji matupu, wanaochungulia hawakubonyezwa. Kwa hiyo wanaochungulia hawapo. Foleni isogee."

Ukutani, pale ambapo kliniki zote hubandika picha ya mama anayenyonyesha, kuna karatasi ya kanuni niliyoibandika maabara kwa mkono wangu mwenyewe: *Kila jani linaloonekana lihesabiwe, hata linalochungulia tu ubavuni mwa mama yake.* Naitazama, na mstari wa pili unajibandua, unashuka ukutani, unaniambia "nipishe kidogo" na kutoka mlangoni. Unabaki ule wa kwanza peke yake.

Ndipo nahisi kitenge kinalegea mgongoni. Fundo liko palepale. Ni uzito unaopungua.

"Nesi, mtoto wangu anapungua."

"Mpime."

Mizani ni ile ya kuning'inia yenye kaptula ya kitambaa. Namtia Kabula miguu yote miwili. Mshale hautikisiki.

"Ni kilo ngapi?" nauliza.

"Kaptula," inajibu mizani.

"Na ndani ya kaptula?"

"Sijaambiwa."

Namtoa haraka. Bado ananichekea kwa yale meno mawili, lakini kupitia tumboni mwake naweza kusoma maandishi ya pindo la kitenge changu, neno baada ya neno, hadi ulipo mshono.

Jani lililo mbele yangu linageuka. Lina sauti ya mtu aliyekesha.

"Usihangaike, dada," linasema. "Wangu walikuwa watatu. Leo nimeambiwa sijazaa."

"Na umekubali?"

"Nikijitazama ubavuni nawaona. Lakini karatasi inasema mimi ni mvivu. Inasema sisi wa maji matupu na wale wa dawa hatuna tofauti kubwa." Linashusha pumzi. "Ungewaona wale wa dawa, dada. Wa glasi ya kumi na tano ni weupe kama wali. Sijui huyo aliyehesabu alikuwa na haraka ya nini."

"Labda ana mtoto nyumbani," nasema, nikiangalia miguu yangu.

"Labda. Na sisi tunao."

Kivuli kinaifunika glasi. Nje ya kioo kuna uso wa Bwana Kaijage, mkuu wangu wa maabara, miwani yake mikubwa kama madirisha ya shule. Anasema yaleyale aliyoyasema jana akiipokea karatasi yangu.

"Mama Kabula, matokeo yamekaa vizuri. Yamekaribiana. Kesho saa tatu ripoti inatoka."

Nagonga kioo kwa ndani.

"Bwana Kaijage, naomba usubiri."

"Ndiyo, ni kusubiri tu," anaitikia. "Mwezi ujao miezi yako ya majaribio inaisha, nitakuombea mkataba wa kudumu. Wewe ni makini sana."

Anatoa kitambaa, anafuta kioo, na mimi nafutika pale niliposimama. Naibukia uani kwetu.

Mama yangu ameinamia beseni la bluu, anapima joto la maji kwa kiwiko.

"Umechelewa," anasema. "Maji ya mtoto yanapoa. Halafu kuna mgeni, msalimie."

Mgeni ni ile chupa ya dawa. Imevaa tai. Inavua kifuniko chake kwa adabu na kukishika kifuani.

"Poleni na kazi," inasema. "Nimekuja kuoga na watoto."

"Hapana," nasema.

"Mimi sina neno. Muulize yeyote."

Inampa mama ripoti. Mama anaishika juu chini, anaisoma vizuri kabisa.

"Imeandikwa hapa hana neno," anasema mama. "Na mwandiko ni wako, Winfrida. Hiyo tano yenye mkia ni yako tangu darasa la pili. Mpe mgeni kigoda."

"Mama, huyo si wa kuoga na mtoto."

"Sasa si wewe uliyesoma? Umeandika mwenyewe, tena kwa kalamu ya wino. Mimi nifanyeje, nimfukuze mtu aliyekuja na barua?"

Chupa inasema asante, inakunja suruali na kuingiza mguu kwenye beseni. Sikujua kama ina mguu. Maji hayabadiliki rangi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Yanabaki meupe, masafi, ya kumwogeshea mtoto. Ila majani yaliyotanda pembeni mwa beseni yanaanza kufifia, moja, halafu la pili yake, bila kelele.

Namtazama Kabula mikononi mwangu. Amebaki mkono wa kulia na kicheko.

"Nilihesabu vibaya," nasema.

Hakuna anayeshtuka. Mama anaendelea kukoroga maji. Kihesabio kinatoa kichwa mfukoni mwa koti langu.

"Endelea," kinasema. "Na usizunguke."

Siwezi kuzunguka hata nikitaka, maana uani pamekuwa padogo kama sahani. Nasema yote. Nasema ilikuwa saa kumi na nusu, maziwa yamenijaa mpaka koti limelowa mbele, na darasa linaanza saa kumi na moja, na kabla ya darasa lazima nipite nyumbani kunyonyesha. Nilikuwa nimebakiza zile glasi tatu za maji matupu, na hizo ndizo zilizojaa kuliko zote, majani yamebanana hadi ukingoni, kila moja na kitoto chake kinachungulia. Nikahesabu wakubwa. Wadogo nikawaruka. Nikajiambia hawa ni kama punje za chumvi, nani atajua.

"Sisi," yanasema majani kutoka kwenye beseni. Hayajakasirika. Yananijulisha tu.

"Yako wapi sasa majani ya glasi hizo?" kinauliza kihesabio.

"Kwenye friji, yasiendelee kuzaa. Saa mbili asubuhi yanakaushwa, yapimwe uzito."

"Kwa hiyo hadi saa mbili yanahesabika."

"Yanahesabika. Lakini nitamwambia nini Bwana Kaijage? Ameshasema mimi ni makini." Nalitafuta koleo. Lipo kwenye kamba ya nguo, limevua kofia, linabana nepi. "Nesi, na kazi yangu itakuwaje?"

"Kazi haikuwa kwenye foleni," linasema koleo. "Kwenye foleni walikuwa watoto."

Chupa ya dawa inaingiza mguu wa pili.

"Maji matamu haya," inasema. "Mlete mtoto."

Mama ananyoosha mikono kumpokea Kabula, na mimi namkumbatia, lakini siwezi kujua kama nimemkumbatia au nimekumbatia koti. Lile jani la kwenye foleni linaelea hadi ukingoni mwa beseni. Limeanza kuwa jeupe upande mmoja.

"Dada," linasema, "ukirudi kuhesabu, anza na wangu. Huyu mmoja bado ni wa kijani. Mpe mtoto mwenzake amshike, mimi mikono sina."

Hata mimi nasahau kwamba Kabula hayupo. Naushika ule mkono wa kulia uliobaki, nausogeza majini, na vidole vinafunguka, vinapokea, vinafunga. Watoto wakishika kitu hawaachii, hilo kila mzazi analijua. Kihesabio kinalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kuota, ile sauti yake kavu, tk, kisha kinalia tena.

Kitenge kinakaza. Uzito unarudi mgongoni, kilo moja, kilo tatu, nane na nusu. Nataka kugeuka nimtazame usoni, lakini ile taa isiyozimwa siku saba inazimwa.

Niliamka. Kumekucha, na nje mama anafagia uwanja. Koti limejikunja chini yangu na limelowa maziwa. Kabula alikuwa ubavuni kwangu, amelala, mzito kama mfuko wa unga, mkono wangu umekufa ganzi chini ya kichwa chake. Sikuuondoa. Nilikaa nikimhesabia pumzi.

Mama akaingia na kikombe cha uji.

"Huyo tangu alfajiri amekunja ngumi," akasema. "Nimejaribu kumfungua nimfute mkono, hataki. Sijui ameshika nini."

Ilikuwa ngumi ya kulia. Nikaifungua pole pole, kidole kimoja kimoja, kidogo kwanza, dole gumba mwisho. Katikati ya kiganja kulikuwa na jani la kijani, mviringo, limelowa kama limetoka majini sasa hivi, na mzizi wake umezunguka kwenye mstari wa mkono wa mwanangu.

"La lambo hilo," mama akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini sijateka lamboni tangu juzi. Jana nimemwogesha maji ya mvua, ya pipa."

Nikalisogeza jani kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni mwake kulikuwa na nukta ya kijani, ndogo kuliko punje ya chumvi.

"Jani moja tu linakutoa macho hivyo?" mama akauliza. "Litupe, unywe uji."

"Mawili, mama," nikasema. "Ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo. Kwani leo unawahi wapi?"

Nikaliweka jani kwenye kikombe cha maji, nikamfunga Kabula mgongoni akiwa bado usingizini, nikaenda kutafuta viatu.