Aliyebaki Sakafuni

Jumatatu ya wiki ya ngoma, watoto wa darasa la nne walivua viatu vya mvua mlangoni, wakavaa slipa zao za darasani na kukaa duara. Ilikuwa Novemba, na Cuxhaven, mji wetu wa pwani, ilikuwa inanyeshewa tangu Oktoba. Torsten, mwalimu wa ngoma, alikuwa ameshusha djembe zake, ngoma za kupigwa kwa viganja, kutoka kwenye gari. Aliwahi kukaa Konakri miezi mitatu akijifunza ngoma, na tangu hapo havai soksi.

Nevena Dimova alifika mwisho. Mama yake, Rositsa, hupakia samaki kiwandani usiku kucha, na mtoto hawezi kutoka nyumbani mpaka mama arudi kumlinda mdogo wake. Djembe zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Ilibaki ngoma moja ya besi, kubwa kama pipa, ya kupigwa kwa fimbo, ambayo hakuna aliyeitaka.

"Shika hiyo," Torsten akamwambia. "Piga polepole, usikimbie. Wenzako watakufuata."

Nevena akapiga. Wenzake wakafuata, na muda si muda wakaanza kuinuka kutoka vitini. Alitangulia Fenja, rafiki yake wa chanda na pete, kisha mtoto wa daktari wa meno, kisha darasa zima, wakaelea hewani na ngoma zao huku slipa zikidondoka. Bibi Harms, mwalimu wa darasa, aliziokota slipa akazipanga dirishani. Torsten alisema Hannover nako, alikofundisha kabla, walipaa hivyohivyo.

Huko juu walijifunza. Kuzidisha kwa saba, kulikowatoa jasho tangu shule ifunguliwe, walikuimba kwa mapigo mpaka kukawaingia. Nevena alikuimba pia, kwa sauti ndogo, akiwa amesimama chini. Anayeshika pigo hawezi kuiacha ardhi. Alipoacha kupiga kidogo ajikune pua, darasa zima lilishuka kiasi cha kiganja.

Jumanne mwalimu mkuu, Bibi Kassens, alikuja na rula ndefu ya ubaoni. Shule zetu hizi, kitu kisichopimwa hakipo. Alimpima kila mtoto kutoka unyayoni hadi sakafuni na kuyataja matokeo kwa sauti. Fenja alipata mita moja na robo. Nevena alipata sifuri.

"Jitahidi kidogo, Nevena," akasema Bibi Harms. "Mbona wenzako wanaweza?"

"Nikipaa mimi, mwalimu, wao wataanguka."

"Jisemee mwenyewe. Wenzako waache."

Torsten alijua fika kwamba Nevena anasema kweli. Lakini mwakani alitaka aitwe tena, kwa hiyo aliinama akafunga kamba za viatu vyake, na alizifunga kwa muda mrefu sana.

Katika nchi hii mtoto huchaguliwa njia ya masomo akiwa na miaka kumi. Nevena alitaka shule ya juu, ile inayopeleka watu chuo kikuu, na alitaka kwenda na Fenja. Walishapanga hata watakaa kiti gani kwenye basi. Januari, Rositsa akaitwa shuleni, akaja moja kwa moja kutoka zamu, nywele zikinuka samaki. Bibi Harms alimweleza kwa upole kwamba Nevena ni mtoto mzuri, ana adabu, ila hajainuka, na shule ya juu ingemuumiza bure. Kwa sasa angesaidiwa pembeni, katika chumba kilicho jirani na mtambo wa joto.

"Samahani, mwalimu," Rositsa akauliza, "hiyo ngoma kubwa alikuwa anapiga nani?"

"Hilo ni suala jingine, Bibi Dimova."

Kisheria mzazi anaweza kukataa. Lakini Rositsa alilelewa kwamba neno la mwalimu halijibiwi, akasema asante. Mpaka leo asante ile inanichoma. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa aliyepigwa teke ndiye aliyeshukuru.

Darasani kwa akina Fenja ilinunuliwa mashine ya kupiga besi, nzuri, haikosei hata kidogo. Watoto walipiga nayo na makalio yao hayakuachana na viti. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Urefu wao ulikuwa umeshaandikwa.

Chumba cha pembeni hakikuwa na ngoma. Kilikuwa na meza, watoto watano wanaoitwa wazito, na Bibi Uta, msaidizi. Nevena alianza kupiga meza kwa vidole viwili, polepole, bila kukimbia. Siku ya tatu wale watano walikuwa wamegusa dari. Mmoja wao, ambaye tangu chekechea alikuwa na kigugumizi, alizidisha kwa saba mpaka mwisho bila kukwama. Bibi Uta aliwapelekea mazoezi kwa mpini wa fagio na kuyapokea yakiwa yamejibiwa.

Bibi Kassens alifungua mlango asubuhi moja ya Machi. Hakuja na rula, kwa kuwa chumba kile hakipimwi. Alitazama juu, kisha akamtazama Nevena.

"Kila mtu akae kitini kwake," alisema. "Nawe, mikono mapajani."

Nevena alitii. Ila kwanza alilipunguza pigo, kidogo kidogo, ili asianguke mtu.