Moyo wa Kunywa na Moyo wa Kudunda

Watu wengine hujitolea kubeba. Mimi nilijitolea kubebwa, na sioni aibu.

Ulikuwa mwaka wa sensa, amani imeshatiwa sahihi, na watu tunarudi Juba kila mmoja na godoro lake kichwani. Mimi nilirudi kutoka Uganda, ambako nilipata darasa la tano, Kiswahili, na magoti mabovu. Nikaweka meza yangu ya chai katika soko la Konyo Konyo. Siku moja akaja Namukasa, yule Mganda mwenye saluni mtaa wa Munuki, akasema kikundi chake cha huduma ya kwanza kinatafuta mtu mwepesi wa kulala kwenye machela.

"Kazi yenyewe ni nini?" nikamuuliza.

"Kuumwa, mama. Wewe unaumwa, sisi tunakubeba porini usiku kucha."

"Binti yangu, miaka yote hii nimeumwa na hakuna aliyenibeba hata mpaka chooni. Nakuja."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na sababu naijua. Msimu wa mvua uliopita mdogo wake, Mirembe, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati Munuki yote ni tope, hakuna gari wala boda boda inayopita. Majirani waling'oa mlango wa duka wakambeba juu yake. Mlango hauna pa kushika. Uliwaponyoka, wakauokota, ukawaponyoka tena. Mirembe alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo Namukasa hakutaka kitu kingine duniani ila machela ikae Munuki, pamoja na watu wanaojua kuibeba. Lakini machela haikutolewa hivi hivi. Kikundi lazima kishinde mtihani wa safari ya usiku. Kikishindwa, machela inakwenda mtaa mwingine.

Mkufunzi wetu, na ndiye mwenye kutoa machela, alikuwa Reath, mrefu kama nguzo ya simu. Kiswahili alijifunza kambini Kenya, na alikisema kama anasoma taarifa ya habari. Jioni akatupakia kwenye pikapu, tukapita mlima wa Jebel Kujur kwa barabara ya Yei, mpaka kijiji kimoja ambacho mbuzi wake ni wengi kuliko watu wake.

"Mgonjwa amevunjika mguu," akatangaza. "Afike uwanja wa kanisa, Munuki, akiwa hai, kabla jua halijagusa mabati ya paa. Asiachwe njiani kwa sababu yoyote."

Kisha akanivuta pembeni. "Mama Teresina, wakikukosea kosa kubwa mara mbili, wewe ufe."

"Nife vipi?"

"Nyamaza tu."

"Hapo ndipo pagumu," nikamwambia.

Basi wakanibeba. Mbele Namukasa na Florence, muuza vitenge. Nyuma Mogga wa boda boda, ambaye ni Mbari kama mimi, mwenyeji wa Juba, na Waiswa, mpika chapati, aliyekuwa amefika juzi tu kutoka Jinja na Kiarabu cha Juba hakijui hata cha salamu. Njia ilikuwa nyembamba, sambamba na barabara, na pembeni mawe yamepakwa rangi: meupe maana yake pita, mekundu maana yake pana mabomu ya kutegwa, ukipita hapa utarudi kwa vipande. Reath alitembea nyuma yetu na tochi. Mimi niliangalia nyota na kutafuna karanga nilizoficha kwenye shuka. Karanga zikaniletea kiu.

Sasa, msomaji, ujue jambo moja. Kwa Waswahili, moyo ni huu unaodunda kifuani. Lakini kwa Kiarabu chetu cha Juba, moyo ni maji. Nami nikiwa na kiu sikumbuki darasa la tano.

"Moyo!" nikalia. "Moyo, jamani, nakufa!"

"Moyo ya habuba imesimama!" Waiswa akapiga yowe. Nyanya kwa huku ni habuba. Hilo neno moja alikuwa amelishika. Machela ikashuka puu. Kabla sijafungua mdomo, mikono yake ya kukanda unga ilikuwa juu ya kifua changu, anakanda kweli kweli. Nikamzaba kofi. Akakanda. Nikamzaba la pili.

"Habuba anataka moyo ya kunywa, wewe mjinga!" Mogga akapiga kelele, huku amejishika mbavu kwa kicheko.

Reath akamulika. "Waiswa, maiti inakupiga makofi na wewe unaendelea?"

"Mimi iko sikia moyo, mwalimu."

"Kosa la kwanza," Reath akasema, bila hata tabasamu. "Kikundi kisichoelewana lugha kitaua watu. Nitawangoja Munuki." Akaingia kwenye pikapu iliyokuwa ikitufuata barabarani, akaenda zake.

Nilikunywa maji kwa aibu kidogo. Mogga alikuwa bado anamdhihaki Waiswa, "Daktari wa chapati! Umegeuza habuba upande wa pili?" mpaka Namukasa akamkatiza.

"Mogga, funga domo. Tangu sasa mtu akisema moyo, tunamuuliza: wa kunywa au wa kudunda? Kila mtu. Hata kama unaona wazi. Semeni."

Wakasema kwa pamoja, kama watoto wa katekisimu: "Wa kunywa au wa kudunda?"

Tukaenda. Mwezi ukapanda, mabega yakaanza kulalamika, na mimi nikawaimbia nyimbo ambazo padri hakunifundisha. Tulikuwa tumechelewa. Ndipo tukaona lori limeinama kando ya barabara, gurudumu moja halipo, limejaa saruji. Chini yake mtu mnene ameegemea tairi, jasho linamtiririka na usiku una baridi.

"Moyo," akasema kwa pumzi fupi. "Moyo..."

"Ana kiu, maskini," Mogga akasema. Akachukua dumu letu. "Namwachia hii moyo, twende. Jua halitungoji."

"Ngoja," Waiswa akasema. "Bado hatujauliza."

"Nini ya kuuliza? Mtu amesema moyo!"

"Mogga, wewe iko angalia namba ya gari." Waiswa akamulika. Ilianza na K. "Hii ya Kenya. Mtu ya Kenya, moyo yake si maji." Akapiga magoti. "Mzee, moyo wa kunywa au wa kudunda?"

Yule mtu akaweka ngumi kifuani. "Wa kudunda," akanong'ona. "Kama mtu amenikalia hapa. Mkono nao umekufa ganzi."

Jina lake lilikuwa Owen. Utingo wake alikwenda mjini na gurudumu tangu mchana. Namukasa alimlegeza mkanda, akafungua vifungo vya shati, akamkataza asijaribu kusimama. Kisha akasimama yeye, akaitazama machela, akanitazama mimi juu yake.

"Tukimshusha habuba tumeanguka mtihani," Florence akasema polepole. "Machela inakwenda."

Niliuona uso wa Namukasa kwenye mwanga wa tochi, na nadhani alikuwa anauona ule mlango wa duka.

"Machela iliundwa kwa ajili ya mtu kama huyu," akasema. "Mama, nisamehe. Shuka."

"Binti, ulikuwa unachelewa nini?" Nikaruka chini, nikakunja gauni langu la gomesi, nikashika tochi.

Mogga akanikodolea macho. "Habuba! Kumbe miguu unayo!"

"Hukuniuliza."

Mimi nilikuwa kuku. Owen alikuwa fahali. Walimwegemeza nusu ya kukaa, mgongo juu ya magunia matupu ya saruji, wakamwinua, na mbao zikalia. Nilitangulia nikimulika mawe meupe. Kwenye khor, kile kijito cha msimu wa mvua, maji yalifika kiunoni, wakampandisha mabegani, Waiswa ametokwa mishipa ya shingo, Mogga chini yake amezama mpaka kidevu kwa sababu alikanyaga shimo, wala mkono wake haukushuka. Upande wa pili Mogga akatema maji akasema, "Waiswa, ndugu yangu, hii ndiyo moyo ya kunywa." Wakacheka mpaka Owen akatabasamu, nikamkataza asicheke sana.

Majogoo wa Munuki walitukuta tunapita kati ya mabati na nyua za mabua. Wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji waliacha madumu yao wakashika kona za machela, na mwingine akapiga vigelegele bila kujua kwa nini. Namukasa alikuwa peku, viatu vilibaki kwenye tope la khor, na alitembea kama bibi harusi. Tukaingia uwanja wa kanisa. Paa lilikuwa bado la kijivu.

Reath alitazama machela. "Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Mimi hapa," nikasema nyuma ya tochi. "Mguu umeunga."

Namukasa alimweleza kwa maneno machache, hakuomba chochote. Reath alishika mshipa wa Owen, akafungua pikapu, na wote wakampakia wakaenda hospitali mbio. Sisi tulikaa chini tukangoja, na jua likagusa mabati, na hakuna aliyelitazama.

Reath aliporudi alikuwa peke yake. Namukasa alisimama.

"Yuko hai," Reath akasema. "Daktari anasema mngemwachia dumu la maji, mngemkuta baridi." Akakohoa. "Kanuni inasema mgonjwa afike akiwa hai. Mmetoka na mmoja, mmefika na wawili." Akaichukua machela kwa mikono miwili, kama padri anavyoinua msalaba, akampa Namukasa. "Ni ya Munuki."

Sauti aliyoitoa Namukasa sijaisikia tena. Waiswa akambeba Mogga mgongoni akazunguka naye uwanja mzima, na hakuna aliyeshika mbavu isipokuwa mimi, maana zangu zilikuwa bado zinauma.

Baada ya wiki kadhaa Owen alikuja Konyo Konyo, amekonda, amevaa shati jipya. Akaketi mezani kwangu akijitia kujua Kiarabu.

"Habuba, nipe moyo."

"Wa kunywa au wa kudunda?"

"Wa kudunda," akasema, akakonyeza.

Nikamwekea kikombe cha maji. Ule mwingine, nikamwambia, bado nautumia.